Marie Curie na mafundi wa miale

Siku ya soko mjini Karatina si siku ya mazungumzo marefu. Mtu hujipenyeza katikati ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi, akisukumwa na mikokoteni nyuma na kuitwa na wachuuzi mbele, na aghalabu salamu zenyewe huishia hewani. Ndiyo maana nilishtuka Jumamosi moja hivi karibuni niliposhikwa bega, na kugeuka nikamwona mzee ambaye sikuweza kumpita kwa salamu ya haraka. Huyu ndiye aliyenifundisha hesabu katika darasa la sita, na ingawa amestaafu miaka mingi iliyopita, kila mtu hapa bado humwita Mwalimu. Nilimwamkia kwa unyenyekevu ule ule wa utotoni. Yeye aliniita Daktari, kwa sauti ambayo hadi leo sijabainisha kama ina heshima au mzaha.

Alikuwa na jambo zito. Mjukuu wake wa kike amemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri katika fizikia, baiolojia na hisabati. Ukoo mzima ulitarajia kwamba atasomea ualimu kama babu yake, au udaktari ikiwa mlango utafunguka. Binti akasema la; anataka kusomea teknolojia ya tiba ya nyuklia. Chanzo cha yote hayo ni nyanya yake. Mama huyo aliugua tezi ya shingo kwa muda mrefu, moyo ukimwenda mbio na mwili ukikonda, mpaka akapelekwa katika hospitali moja jijini Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Huko alipigwa picha ya tezi, na baadaye akapewa dozi ya iodini nururifu. Mjukuu ndiye aliyemsindikiza, na alichokiona hakikumtoka akilini: mwanamke kijana, si daktari wala si muuguzi, aliyeipima dawa ile nyuma ya ukuta mdogo wa madini ya risasi, akamlaza nyanya chini ya mashine, akazungumza naye kwa upole mpaka hofu ikamwisha. Nyanya amepona. Mjukuu ameamua.

Mwalimu hakuridhika, naye alikuwa na sababu tatu. Kwanza, neno nyuklia kwake ni neno la Hiroshima. Pili, nyanya aliporudi nyumbani aliagizwa akae mbali na wajukuu wadogo kwa siku kadhaa, asiwapakate wala kulala nao. Basi ikiwa aliyeinywa dawa hiyo mara moja anaogopwa hivyo, itakuwaje kwa msichana atakayeipima kila siku, naye bado hajaolewa wala kuzaa? Tatu, na hili alilitamka polepole, kwa hivyo nadhani ndilo lililomuuma zaidi: yeye hakusomesha watoto wa watu maisha yake yote ili mjukuu wake mwenyewe aishie kuwa fundi wa mashine.

Nilimwahidi kwamba ningemjibu katika safu hii. Mimi ni mwanaisimu, wala sijivuni kuwa mjuzi wa fizikia. Hata hivyo, jibu ninalolijua limo katika maisha ya mtu ambaye jina lake si geni katika madarasa yetu, ila nashikilia kwamba tunamfundisha vibaya. Tunamtaja Marie Curie kama muujiza: mwanamke mmoja, banda moja, tuzo mbili za Nobel. Sura ya maisha yake inayomhusu msichana wa Karatina haimo humo. Imo katika miaka ya vita, ambayo vitabu vyetu huipa nusu ya mstari.

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska, kitindamimba katika jamaa ya watoto watano. Baba yake alifundisha hisabati na fizikia, na mama yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Wakati huo Polandi haikuwamo katika ramani. Ilikuwa imegawanywa baina ya madola matatu, na Warsaw ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Urusi. Kirusi kilikuwa ndicho lugha ya shule. Katika shule aliyosoma Maria, walimu walifundisha historia ya Polandi kwa Kipolandi kwa siri, na mkaguzi alipokaribia vitabu vilifichwa na wasichana wakaonekana wakishona. Ikiwa mkaguzi angetaka kumsikiliza mwanafunzi, aliyesimamishwa ni Maria, kwa kuwa Kirusi chake kilikuwa safi, naye akatakiwa kuyataja majina na vyeo vya jamaa ya mfalme aliyeikalia nchi yake. Sisi tuliosoma vijijini, tukavishwa kibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la Kikuyu uwanjani, hatuhitaji kuelezwa alichohisi mtoto yule alipoketi tena.

Umaskini na msiba vilimjia mapema. Dada yake wa kwanza alikufa kwa homa ya taifasi, na mwaka 1878 mama yake akafa kwa kifua kikuu, Maria akiwa na miaka 10. Baba alishushwa cheo na akiba yake ikapotea. Binti alimaliza shule mwaka 1883 kwa medali ya dhahabu, kisha akakuta kwamba chuo kikuu cha Warsaw hakiwapokei wanawake. Akajiunga na masomo ya siri yaliyohamahama kutoka nyumba hadi nyumba ili polisi wasiyagundue.

Hapo ndipo yalipofanyika mapatano ambayo kila jamaa katika wilaya zetu hizi za majani chai na kahawa itayaelewa bila maelezo. Dada yake Bronia alitaka kusomea udaktari mjini Paris. Maria naye alitaka kusoma sayansi. Fedha hazikutosha hata kwa mmoja. Wakakubaliana kwamba Bronia atangulie, Maria afanye kazi na kumtumia karo, na Bronia akishahitimu amvute mdogo wake. Bronia aliondoka mwaka 1885. Januari 1886 Maria, akiwa na miaka 18, alienda kuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja wa shamba kijijini Szczuki. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Mchana aliwafundisha watoto wa tajiri. Jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma na kuandika Kipolandi, kazi iliyokatazwa na sheria. Mwana mkubwa wa nyumba ile alimpenda akataka kumwoa, wazazi wakakataa kwa kuwa hakuwa ila mwalimu wa kuajiriwa. Aliumeza uchungu huo, akabaki katika nyumba ile ile, maadamu mshahara wake ulikuwa ukienda Paris.

Zamu yake ilifika Novemba 1891. Alikuwa na miaka 24, umri ambao wengi wetu hudhani kwamba safari ya masomo imekwisha. Aliishi katika chumba cha darini chenye baridi kali, akila mkate na chai, na siku moja akazimia. Mwaka 1893 alipata shahada ya fizikia na kuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata akapata ya hisabati na kuwa wa pili. Ufadhili wa masomo wa rubo 600 aliopewa na watu wa nchi yake aliulipa baadaye kutokana na kazi yake ya kwanza, ingawa hakuna aliyemdai, ili mwanafunzi mwingine maskini aupate.

Yanayofuata yanajulikana, kwa hivyo sitayarefusha. Aliolewa na Pierre Curie mwaka 1895. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani hutoa miale yenyewe bila kuchochewa na kitu, na Marie akaichukua habari hiyo kuwa mada ya utafiti wake wa udaktari. Alitumia kifaa cha kupima umeme kilichobuniwa na mumewe na shemeji yake. Mwaka 1898 wao wawili walitangaza elementi mbili mpya, na ya kwanza wakaiita poloni, kwa heshima ya nchi isiyokuwamo katika ramani. Mwaka huo huo walilibuni neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kutaja tabia hiyo ya maada. Waswahili tumelipatia jina letu, unururifu, kutokana na nuru, na kwa maoni yangu wataalamu wa istilahi hawajapata kufanya kazi nzuri kuliko hiyo. Kisha ikaja miaka ya banda: tani za masalia ya madini zikichemshwa na kukorogwa kwa fimbo ya chuma, hata mwaka 1902 ikapatikana sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radi. Tuzo ya kwanza ya Nobel ilikuja mwaka 1903, ya fizikia, pamoja na mumewe na Becquerel. Hapo awali jina la Marie halikuwa limekusudiwa kuwamo, mpaka Pierre alipodai. Tuzo ya pili, ya kemia, alipewa peke yake mwaka 1911.

Kati ya tuzo hizo mbili, tarehe 19 Aprili 1906, Pierre alikanyagwa na gari la farasi katika barabara ya Paris, akafa papo hapo. Mjane alipewa kazi ya mumewe, naye Novemba mwaka huo akaingia katika ukumbi uliojaa watu waliotaka kumwona akilia. Hakulia. Alianza somo pale pale mumewe alipokuwa ameachia, akaliendeleza. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefundisha Sorbonne kabla yake.

Wenzangu walimu wasilisahau jambo moja linalorukwa. Tangu mwaka 1900, kabla ya tuzo yoyote, Marie Curie alikuwa mwalimu katika chuo cha Sèvres, kilichoandaa wasichana kuwa walimu wa sekondari, naye ndiye aliyeleta huko desturi ya kufundisha fizikia kwa majaribio badala ya ubao mtupu. Alipoifanya kazi ya vita, alikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa kumfanya msichana asiogope chombo.

Vita vilianza Agosti 1914. Taasisi ya Radi, aliyojengewa mjini Paris, ilikuwa imemalizika punde tu, na vijana wake wote wa kiume wakaitwa jeshini. Kwanza alipanda gari la moshi hadi Bordeaux akiwa na sanduku zito la risasi, ndani yake akiba nzima ya radi ya taasisi, akaihifadhi benki na kurudi Paris siku ambayo wengine walikuwa wakiikimbia. Kisha akajiuliza anaweza kufaa nini. Jibu lilikuwa eksirei. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakitafuta risasi na vipande vya mizinga katika miili ya askari kwa kupapasa, ilhali mashine za kuonyesha mahali pa risasi zilikuwa zimelala katika maabara za miji. Akaomba magari kwa matajiri, akatia ndani yake mashine na jenereta iliyoendeshwa kwa injini ya gari lenyewe, akajifunza anatomia, akajifunza kuendesha gari na hata kubadilisha gurudumu. Yapata magari 20 yaliingia barabarani kwa juhudi zake, na vituo kama 200 vya kudumu vikafunguliwa hospitalini. Majeruhi waliopigwa picha kwa mitambo hiyo walizidi 1,000,000.

Lakini mashine haijiendeshi yenyewe. Muda si muda ikadhihirika kwamba kuna vyombo vingi kuliko watu wanaojua kuvitumia, na vingine vilikuwa vikiharibiwa na waliowekwa kuvisimamia bila mafunzo. Wa kwanza aliyemfundisha ni binti yake Irène, aliyekuwa na miaka 16 vita vilipoanza, na ambaye kabla hajafika miaka 20 alikuwa akisimamia kituo peke yake karibu na medani ya vita. Mwaka 1916 Marie alifungua mafunzo ya wasichana katika taasisi yake. Waliokuja hawakuwa wanasayansi. Wengine walikuwa mabinti wa nyumba kubwa, wengine watumishi wa nyumba hizo hizo. Aliwafundisha umeme, tabia ya miale, viungo vya mwili, na kazi yenyewe kwa mikono, katika muda wa wiki chache tu. Kufikia mwisho wa vita, wanawake wapatao 150 walikuwa wamepita mikononi mwake. Si madaktari, si wauguzi. Walikuwa watu wa aina mpya hospitalini, waliosimama baina ya mashine na mgonjwa na kuwajibika kwa wote wawili.

Jambo la pili la miaka hiyo halijulikani sana, nalo ndilo lililonifanya niiandike makala hii. Radi ilipokuwa imerudishwa Paris, Marie alianza kuikamua. Sisemi kwa mafumbo. Radi inapochakaa hutoa gesi ya radoni, nayo ni nururifu. Marie aliivuta gesi hiyo kwa pampu kila ilipojikusanya, akaifungia katika mirija midogo ya kioo na kuipeleka hospitali kwa matibabu. Radi yenyewe ilibaki maabarani, ikiendelea kuzalisha nyingine. Sasa mwalike msomaji aingie asubuhi katika kitengo chochote cha tiba ya nyuklia duniani leo. Atamkuta mtaalamu akimimina maji ya chumvi katika mtungi uliozungushiwa risasi, wenye molibdeni ndani yake. Molibdeni hiyo hupungua kwa nusu kila saa 66, ikizaa teknetiamu, ambayo nayo hupungua kwa nusu kila saa 6. Maji hutoka na teknetiamu, molibdeni hubaki kuzaa nyingine, na kesho kazi ni ile ile. Wenyewe katika nchi za nje huuita mtungi huo ng'ombe, na kazi hiyo kukamua. Kwa watu wa Nyeri, ambao nusu ya utajiri wao umefungwa zizini, sidhani kuna haja ya kuongeza maelezo. Mwanamke yule aliyemhudumia nyanya anafanya kila asubuhi kazi iliyofanywa na mikono ya Marie Curie mwenyewe, wakati mizinga ikisikika.

Baada ya vita alikuwa na umaarufu lakini hakuwa na radi ya kutosha. Yeye na mumewe hawakuwa wamechukua hataza ya njia yao ya kuitenga, na bei yake ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 wakamnunulia gramu 1, akakabidhiwa na Rais Harding. Usiku wa kuamkia sherehe alisisitiza hati ibadilishwe ili radi iwe mali ya maabara yake daima, isije ikarithiwa na watoto wake. Mwaka uliofuata bei ilianza kuporomoka, na sababu yake iko upande wetu wa dunia: madini ya Shinkolobwe, katika Katanga, yalianza kusafishwa huko Ubelgiji. Kwa hivyo radi iliyotibu wagonjwa wa Ulaya katika miaka ile ilichimbwa kwa wingi na mikono ya Wakongo, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya migodini. Majina yao hayamo vitabuni. Na urani ya shimo hilo hilo ndiyo iliyochangia sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima, kwa hivyo Mwalimu hakukosea kabisa kuyakumbuka mambo hayo mawili kwa pamoja. Alichokosea ni kudhani kwamba kisu cha mchinjaji na kisu cha mpasuaji ni kimoja kwa kuwa chuma ni kimoja.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya mavuno na malipo. Mwaka 1932 taasisi ya radi ilifunguliwa Warsaw, na aliyeiongoza ni Daktari Bronia, yule yule wa mapatano. Januari 1934 Irène na mumewe Frédéric Joliot waligundua kwamba kitu kisichokuwa nururifu chaweza kufanywa nururifu kwa mkono wa binadamu. Walimletea Marie ushahidi wake katika mrija mdogo, akaushika kwa vidole vilivyokuwa vimeungua kwa radi. Iodini aliyoinywa nyanya wa Karatina ni mtoto wa ugunduzi huo, kwani haichimbwi popote, hutengenezwa. Marie Curie alikufa tarehe 4 Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa damu. Uboho wake ulikuwa umechoka.

Hapa sharti nimpe Mwalimu haki yake. Miale ilimdhuru. Alibeba mirija ya radi mfukoni, akaiweka karibu na kitanda ili aone mwangaza wake gizani. Macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Daftari zake hadi leo ni nururifu na huhifadhiwa kwa tahadhari. Wasaidizi wake aliwaagiza wapimwe damu, mwenyewe akayapuuza maagizo yake. Kwa muda mrefu hakutaka kukubali kwamba kitu alichokipenda kilikuwa kikimla, na hilo silitetei. Lakini ni kutokana na miili ya kizazi kile ndipo dunia ilipojifunza. Anayeifanya kazi hii leo huvaa kifuani kipimo kidogo kinachohesabu miale iliyomfikia, na kanuni za kimataifa zinaweka kikomo cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Akipata mimba huarifu, na kazi yake hupangwa upya. Silaha zake ni tatu: akae karibu kwa muda mfupi, asimame mbali inapowezekana, aweke risasi katikati. Nyanya alizuiliwa kupakata watoto kwa sababu dawa ilikuwa ndani ya mwili wake, na nguvu ya iodini ile hupungua kwa nusu kila siku 8. Msichana aliyeipima alikuwa nyuma ya ukuta wake. Hapa Kenya tunayo hata sheria ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya kudhibiti mambo ya nyuklia, na hospitali haiwezi kuingiza chembe ya dawa hizo bila leseni.

Limebaki suala la fundi, na hapa niko nyumbani kwangu. Mzizi wa neno hilo ni -fund-. Kutoka kwake tumepata kufunda na kufundisha. Na kwa mabadiliko ya sauti yanayojulikana vizuri na kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, tumepata funzo, mafunzo na mwanafunzi. Fundi, kwa asili, ni mtu aliyefundwa na anayeweza kufunda. Mjukuu akiwa fundi hatakuwa ametoka katika ukoo wa walimu. Ni sisi tuliolishusha neno hilo mpaka likalala chini ya gari na spana mkononi, nayo si kazi ya kudharauliwa vilevile.

Njia yenyewe si rahisi, wala sitamdanganya mtu. Wengi huanza na stashahada ya taaluma ya picha za kitabibu katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, au shahada katika chuo kikuu, kisha hujiendeleza katika tiba ya nyuklia kazini au ng'ambo, mara nyingi kwa msaada wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki lenye makao yake Vienna. Vitengo ni vichache navyo vimerundikana Nairobi: Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hizi mbili za mwisho zina mitambo ya kutengeneza florini nururifu papo hapo, kwa kuwa dawa hiyo hupungua kwa nusu katika dakika 110 na haiwezi kungoja meli wala foleni ya barabara ya Thika. Kutoka Karatina hadi huko mgonjwa wetu hupanda matatu alfajiri. Wauzaji wa mashine hawakosekani kamwe. Wa kuziendesha hutafutwa baadaye, kama ilivyokuwa Ufaransa mwaka 1915.

Niliiandika rasimu ya makala hii nikampelekea Mwalimu nyumbani kwake. Aliisoma yote akiwa ameketi barazani, kalamu nyekundu mkononi, akanisahihisha upatanisho wa kisarufi mahali pawili, nami mwanaisimu nikanyamaza. Kuhusu bomu hakuuliza. Kuhusu miale aliniuliza kama kile kipimo cha kifuani husomwa kila mwezi, nikamwambia ndiyo, mara nyingi ni kila mwezi au kila baada ya miezi michache. Kisha akairudia sehemu ya Bronia, akaisoma tena, akaniuliza karo ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani pamoja na malazi.

Mjukuu wake ana kaka, aliyeacha shule kidato cha pili nyumba ilipoishiwa, na ambaye sasa anauza vitunguu sokoni Karatina, hatua chache kutoka pale Mwalimu aliponishika bega. Kumbe kijana huyo alikuwa amesema mwezi mzima uliopita kwamba mwaka wa kwanza ataulipa yeye, na dadake akamwahidi kwamba akishaajiriwa atamrudisha shule. Mwalimu alikuwa amewakatalia wote wawili. Alizigeuza karatasi zangu, akaandika kiasi cha fedha pembeni mwa ukurasa wa mwisho, akakigawanya kwa miezi 12 kwa njia ile ile aliyotufundisha darasa la sita, kisha akamwita kijana aje alione jibu.